Usiku wa Maji Matupu

Cirhuza anakaanga sambaza, harufu yapanda ngazi,
nami nimefunga, si Ramadhani wala Kwaresima:
chai ya rangi, maji, mchuzi uliochujwa mara mbili.
Hatua kumi na mbili hadi chooni. Nimezihesabu.

Muganga aliandika nyuma ya kalenda:
insulini nusu. Vidonge vya asubuhi, viache.
Ikishuka chini ya sabini, unywe sukari.

Miaka kumi na moja naikimbia
kama mdaiwa anavyokwepa duka la Kadutu;
leo imekaa kando ya kitanda,
vijiko vitatu ndani ya glasi,
inaningoja.

Saa tisa usiku umeme unakatika, Bukavu nzima giza.
Nachoma kidole:
sitini na nne.

Nabintu, nishikie simu, nimulikie.
Nimesahau utamu unavyoanza.