Nime—

Ijumaa baada ya swala Faki alipiga kutoka Doha,
uso umejaa kiooni, akasema: "Baba, nime—"
akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba.
Taa ya tatu kwenye modemu ikageuka nyekundu.

Nime nini?
Nimeoa? Nimefutwa? Nimeugua?
Kitenzi kimebaki upande wa pili wa bahari,
nami huku nimeshika kichwa bila kiwiliwili.

Huduma kwa wateja: wewe ni wa arubaini na moja kwenye foleni.
Kisha msichana mpole: "Zima, mzee. Hesabu hadi thelathini. Washa."
Nikazima. Nikahesabu. Nikawasha.
Nikarudia hadi mia, labda thelathini ya Nairobi ni fupi.

Haya. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa makontena Kilindini,
sikuandika "limepotea" kabla ya kujua limepotelea geti gani.
Mjukuu wangu Nuswaiba akanifungulia ukurasa wa modemu,
neno la siri limebandikwa chini ya kitako chake,
nikatoa daftari.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kumetulia: hasi kumi na tisa.
Saa sita, upepo: hasi ishirini na nane.
Saa nane, upepo zaidi: hamna kitu.
Usiku, shwari: hasi kumi na tisa, kama si yeye.
Lakini usiku Faki yuko zamu, simu zao hufungiwa kabatini.

Hasi, alinifunza Nuswaiba, ni mwanga unaochoka njiani;
namba ikikua, ujue umefika hoi.
Nikamwambia hilo nalijua kwa magoti.

Basi si modemu. Si bili.
Ni kitu kinachocheza upepo ukivuma.
Nikaufuata waya kwa kidole: nyuma ya kabati, dirishani,
ukutani kwa Bi Mwanasha anapoanika mashuka,
hadi nguzo ya pembeni hapa Tudor, na juu yake
kunguru wawili, kiota kimeukalia waya wetu,
kimefumwa kwa vibanio vya nguo, nyaya za shaba, na utepe wa njano
wa kampuni ile ile iliyokuja kutuunganisha.

Jumatatu fundi Mwachiro alipanda na daftari langu mfukoni.
"Mzee, umenipunguzia nusu ya siku," akasema,
na kunguru wakamshukia utosini.
Waya ulikuwa umekunjika shingo. Akaukata, akauunga upya,
kiota akakisogeza shubiri tatu, hakukiangusha.
Mlikuwa na makinda.

Hasi kumi na nane. Nikaandika, nikapiga mstari chini.

Saa kumi Faki akatokea, macho yote mawili.
"Uliniambia nime. Nime nini?"
Akafikiri. Nyuma yake mtu akapita na beseni.
"Nimesahau, baba."

Akacheka, nami nikamwacha acheke.
Ila uso ule ulioganda haukuwa wa mtu wa kusahau.
Daftarini, penye Ijumaa, nimeacha nafasi.