Ratiba ya Lushinge

Saa mbili kamili, ilisema karatasi.
Saa tatu kasorobo tulikuwa bado kwenye gati,
tukifungana majaketi ya kuokolea
yenye harufu ya petroli na jasho la wageni wa jana.
Ubavuni mwa boti, kwa rangi ya buluu: TUTAONANA BADAE.
Mzee Kihwelo, mstaafu wa reli, akalisoma kwa sauti,
akauliza kama hilo ni jina ama ni onyo.

Mimi ni nesi. Nimetoka Manyoni,
ambako maji huja kwa ndoo na huondoka kwa kipimo.
Hii ni likizo yangu ya kwanza katika miaka sita
na bado mkono unatafuta mshipa:
boti ilipong'oa nanga nililiwekea ziwa vidole viwili,
nikahesabu.
Lilikuwa zima. Zima kuliko sisi sote.

Lushinge, mwongozaji wetu,
shati limepigwa pasi mpaka linakata upepo,
aliyajua mawe ya Mwanza kwa majina na kwa vimo.
"Kulia kwenu," akasema, sote tukageuka.
"Kushoto kwenu," na boti ikalalia kushoto.
Mawe yamepandana kama mizigo ya mtu anayehama
aliyeitwa ghafla, akaiacha palepale.
Juu yake pimbi wanaota jua,
hawajalipa kiingilio.
Mnandi akapiga mbizi; tukamsubiri;
akaibukia pale ambapo hakuna aliyeelekeza kamera.

Mwanaidi, miaka saba, mtoto wa Tanga,
akachota kiganja, akaonja, akatema,
akamtazama Lushinge kwa huruma:
"Bahari yenu haijatiwa chumvi."
Hilo halikuwamo kwenye karatasi.
Kwa mara ya kwanza kijana akakosa neno,
akajifanya anapangusa miwani.

Kayenze tulifika jua likiwa utosini.
"Mabibi na mabwana, kijiji cha wavuvi.
Dakika ishirini."
Dagaa wameanikwa hadi ukingoni mwa maji,
ufuko mzima unameta kama sahani iliyovunjika,
na wanawake wanawageuza, migongo imepinda,
hawainui macho kwa ajili ya boti.
Mmoja akainua.
Akaweka mkono kiunoni. Hakututazama sisi.
"We Lushinge! Ada ya mdogo wako iko wapi?
Na hilo shati, unalifua, ama unalipiga pasi tu?"

Bwana harusi wa Moshi akashusha kamera taratibu,
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.
"Mwadila, mayu," akasema Lushinge,
na Kiswahili chake cha karatasi kikamwanguka miguuni,
akabaki mtoto wa mtu.

Mama akatuhesabu kwa kidole. Wanane.
"Hawa wamekula?"

Dakika ishirini zikawa saa mbili na ushei.
Ugali wa muhogo, sato aliyekuwa majini asubuhi ileile,
kofia ya Mzee Kihwelo ikageuzwa kuwa kipepeo cha moto
na mwenyewe hakulalamika.
Aliposikia kazi yangu, mama akajifuta mikono,
akakunja kanga hadi gotini.
"Hili. Tangu masika."
Nikapiga magoti mchangani, magamba yakinichoma,
nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale.
Likizo yangu ikaishia hapo, na sikuidai.

Tuliporudi, Lushinge alikaa karibu nami,
si karibu na kipaza sauti.
"Lile goti?"
Nikamwambia tunavyowaambia wote:
apunguze kuinama.
Tukageuka pamoja kuutazama ufuko,
fedha ile yote iliyosubiri kugeuzwa kabla ya umande,
na hatukusema kitu.

Jiwe kubwa likatokea. Wageni wakanyanyua simu.
"Kushoto kwenu," akaanza,
na hakumalizia.