Usibonyeze Kengele

Jumamosi, Punta Arenas, uwanja wa nyuma ya kituo.
Upepo wa mlangobahari umetuinamisha sote:
makarani, waoka mikate, mwalimu mmoja wa hesabu,
zimamoto wa kujitolea, buti zangu bado zina unga.

Yerko Livacic wa kampuni ya umeme
ametundika soseji kwenye waya.
Hasemi kitu. Anawasha.
Soseji inaruka, inapasuka, inanukia chakula cha mchana,
na kijana Nahuelquín, aliyekuwa akicheka,
anameza mate yasiyo ya njaa.
"Huo ni mkono," anasema Yerko.

Kisha anatufunza kutembea upya, watu wazima na ndevu zetu:
miguu ishikane, kisigino kisikipite kidole,
buruza, buruza, kama mwenye pingu,
maana ardhi penye waya ulioanguka ni ngazi usiyoiona
na hatua ndefu hukanyaga vidato viwili.
Waya uliolala haujafa.
Ulionyamaza haujafa.
Mtaa wote ukiwa giza, haujafa,
mpaka Yerko mwenyewe aje atangaze msiba.
Tukavuka uwanja hivyo, watu kumi na wanne.
Mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.

Baada ya chai, Herminda Oyarzo wa gesi,
mfupi, sauti ya kufungulia makopo.
Akatuzungushia kichupa tunuse.
Yai viza, tukasema.
"Harufu hiyo tumeitia sisi. Gesi yenyewe haina,
na pua ni mlinzi anayesinzia zamuni.
Amini kipimo.
Ya bomba hupanda darini, ya mtungi hutambaa sakafuni,
na ukiikuta inawaka penye ufa, iache iwake.
Poza ukuta wa jirani, tafuta koki.
Moto unaouona una adabu kuliko gesi inayokutafuta."
Miaka kumi na tisa nimefunzwa kuzima.
Leo nafunzwa kutozima, ili nirudi mzima.

Halafu akasema: "Na kengele ya mlango."
Akanyamaza.
Hakulitaja jina la Eliseo Barría. Kofia yake
iko rafuni, juu ya birika, tunaipangusa kila Ijumaa.
Julai ile, mama mmoja alikuwa amelala ndani,
na Eliseo hakuwa mtu wa kuvunja mlango wa watu.
Alivua glavu. Alibonyeza.
Cheche ndogo kuliko punje ya ulezi.

Jumanne, saa tisa za usiku, tuliitwa.
Theluji, nyumba ya mabati ya kijani, kipimo kinalia
kabla hatujafika barazani.
Nikakiona kidole changu kimeshanyanyuka chenyewe,
kimezoea, kina malezi mema,
na kitufe kidogo cheupe kinakingoja.
Nikakunja ngumi.
Nikabisha kwa mbao, kwa vifundo, kwa sauti, hodi,
hodi, mpaka kitasa kikatikisika.

Mzee alifungua, soksi tupu,
mkono wake ukipapasa ukutani kutafuta swichi atuone nyuso.
"Usiguse, babu. Njoo hivyohivyo."
Akaja gizani
akiburuza miguu, kwa uzee tu,
kisigino hakikipiti kidole.