Chini ya Kiti

Jana, arusini kwa Bi Saumu kule Guraya,
nilikalia kiti changu.
Nilikijua kabla sijakigeuza:
mguu wa nyuma una kilema, unayumba kushoto
kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza.
Nikapeleka mkono chini, nikapapasa:
M.H., rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe.
Mishi Hamisi. Viti mia tatu, mahema manne,
na sufuria za kumeza ng'ombe mzima na pembe zake.

Vilinadiwa Changamwe, siku ya mvua.
Dalali alivitaja kumi kumi, kama mafungu ya nyanya,
nami nimesimama nyuma kabisa nimejifunika uso,
mimi ambaye ninja sijapata kuvaa.

Kisha ikaja karatasi ya mahakama: muflisi.
Neno hilo nililisoma chuoni, nina miaka tisa.
Muflisi, mwalimu alisema, ni mtu wa Kiyama,
ajaye na sala zake na saumu zake
akagawiwa nazo wote aliowadhulumu, zikesha.
Sikujua kuwa hapa duniani
lina muhuri, na nambari ya faili.

Dawa ya deni kulipa, waliniambia.
Hakuna aliyenitajia kipimo:
vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku,
kabla ya kula au baada.

Sasa nina makopo matano juu ya kabati.
La kodi.
La stima: tokeni za hamsini, hamsini,
friji nimeiuza, samaki ni wa siku hiyo hiyo.
La karo ya Swaleh.
La maji, madumu sita ya Mwaringa na mkokoteni wake;
huyo namlipa mbele ya mwenye nyumba,
kwa kuwa hana wakili.
La tano halina jina. Hutia ishirini nikipata,
na silifungui hata jino likinikesha.

Simu nayo hailali.
"Mpendwa Mishi, umefuzu kupata elfu tano sasa hivi."
Saa nane za usiku. Mpendwa!
Hata marehemu hakuwahi kuniita hivyo.
Nafuta. Yaja nyingine, nafuta.
Usiku mmoja sikufuta upesi;
kidole kilikaa palepale, kinapata joto,
mpaka muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti
nami nikashtuka kama niliyefumaniwa.

Benki, kijana wa dirishani alitazama kompyuta yake.
"Mama, jina lako bado."
Bado, kama wali ulio jikoni.
"Jaribu mwakani."

Lakini sikiza hili.
Mwezi uliopita, dukani kwa Awadhi,
yeye aliyeandika ukutani *leo taslimu, kesho mkopo*,
na kesho yake ina miaka mitatu haijafika kwangu,
nilipungukiwa na shilingi themanini.
Nikaanza kurudisha sukari.
"Chukua," akasema, bila kuniangalia,
akavuta daftari, akalamba kidole, akafungua:
Mishi, 80.
Wino wa buluu. Herufi zake mbovu kama mwandiko wa daktari.
Nilitembea hadi nyumbani na kilo moja ya sukari
nimeibeba kwa mikono miwili.

Asubuhi nilifika hajafungua mlango.
"Themanini tu! Una haraka gani?"
"Kata," nikamwambia. "Kata nikiona."

Basi jana, biriani lilipopita,
nilichutama, nikakunja risiti ya Awadhi mara nne,
nikaisukuma chini ya ule mguu. Kikatulia.
Kijana mwenye viti siku hizi akanijia mbio:
"Mama, umeangusha kitu?"
"Hiki chako," nikasema, "kinataka msumari.
Na usivirundike juani. Plastiki hupasuka."