Chupa ya Ishirini na Saba

Saa tatu asubuhi, maabara ya Kazanlak.
Rada Mincheva anaichukua chupa ya ishirini na saba.
Haina jina, ina namba. Ndiyo kanuni.
Lakini shingoni imefungwa uzi,
mwekundu na mweupe, uliobaki tangu Machi,
mafundo mawili na kitanzi.
Mkono uliofunga hivyo anaujua.

Miaka mitano chuoni Sofia:
vidole vilivyobabuka kwa asidi,
mtihani wa kemia ya kaboni, akaanguka mara mbili,
chumba kisichopata joto, supu ya maharage.
Ada alituma mjomba Gencho,
noti zilizokunjwa nne nne, zikinuka waridi.
“Soma, ujue kilichomo ndani ya tone.
Sisi wengine tunajua kunusa tu.”

Sasa anajua.
Mashine inachora vilima vyake,
kimoja, kingine, kirefu, kifupi,
na pale ambapo pangekuwa tambarare
kinachomoza kimoja chembamba:
jeraniamu.
Anasafisha sindano. Anarudia.
Anabadilisha sindano.
Kilima kiko palepale, hakioni haya.

Pua ingemsitiri. Pua ina undugu.

Dirishani wachumaji wanashusha magunia,
mikono ingali na umande,
mama yake katikati, anacheka na mtu.

Anaandika: si safi.
Anaandika asilimia, mpaka tarakimu ya pili baada ya nukta.
Kisha anaukata uzi,
anautia mfuko wa koti jeupe,
na kwa sauti ambayo haikukusudiwa kuwa kubwa
anaita ishirini na nane.