Mti wa Avoka, Kadutu

Mwalimu Nabintu alifuta ubao,
akatupandisha Kadutu,
matope ya Bukavu yaking'ang'ania viatu.
"Andikeni mauzo ya kiwanja hiki."

Ashuza akaandika upesi, kwa mwandiko wa kujivunia:
*mpaka wa chini, mti wa avoka.*

Mama muuzaji akacheka, mkono kiunoni:
"Mti upi, mwanangu?
Ule ulikuwa wangu mwaka juzi.
Mvua iliuteremsha,
leo unazaa kwa jirani."

Kalamu zikanyamaza.

Mwalimu akatoa kamba,
akampa Ashuza ncha moja.
"Pima. Kisha uniambie:
mlima ukitembea tena, nani atalipa?"

Kifungu hicho kimoja
kilitumalizia mchana.

Mama akatuchomea mahindi.
Ashuza, kabla ya kung'ata,
aliuliza bei.