Ulimi wa Mbuzi

Sohar, saa moja asubuhi, joto limeamka kabla yetu.
Karakana ya chuo ina feni tatu, mbili mbovu.
Mwalimu Muhanna hana maneno mengi:
hupitisha ukucha juu ya mshono wangu,
hukata chuma katikati, hukipaka tindikali,
hunionyesha kitundu, punje ya ufuta.
"Nje umesuka mkeka. Ndani umelala."

Wiki nzima mimi na vernia:
sehemu mbili za mia za milimita,
yaani unywele, halafu uupasue.
Nikaota napima mchele.

Nyumbani, bibi Shinuna,
miaka hamsini Omani na bado anakuna mwenyewe
nazi za Salala, akizitikisa sikioni, akizisengenya.
Ulimi wa mbuzi yake umekatika.
"Si unasomea ufundi wewe? Haya."

Nikaupeleka chuoni ndani ya mfuko wa mkate.
Nikashusha barakoa,
dunia ikabaki nukta moja ya kijani.
Nikazuia pumzi.
Ukashika!
Mshono mwembamba, hata Mwalimu alikohoa tu, akapita.

Bibi akaketi juu ya kibao,
akakuna mara mbili, akasimama.
"Kuunga umeunga, mjukuu wangu.
Lakini meno yamelala.
Moto wako umeyabembeleza mno."
Akaenda kufungua tui la kopo, bila kinyongo,
na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa ni usiku, niko uani na tupa.
Jino la kwanza. La pili.
La tatu nalirudia,
nasikiliza sauti yake ibadilike.